Kurasa za Mwende na Fomu Yako

Mtaa wa Fedha, Nairobi

Kaka Mutua,

Umeamkaje huko nyumbani, na mguu je, umekubali kukanyaga? Mimi pumzi imekuwa fupi. Naandika mistari mitatu, napumzika. Daktari hanifichi tena, nami sitaki kuondoka na jambo hili moyoni.

Nakaa kwa binti yangu Mwende. Anatengeneza kurasa za intaneti, na sasa anatengeneza za chama chetu cha wachongaji. Kaka, nimeona maajabu. Mtu aliye ng'ambo anabonyeza, na kinyago kilichochongwa huko kwetu kinatokea mbele yake.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni kompyuta kuukuu aliyo nayo mezani. Programu yake ya kusomea kurasa ni ya zamani, picha nyingi zinaishinda. Kila ukurasa lazima Mwende aujaribu humo, ili wenye mashine kama hiyo nao waweze kuufungua. Ukivurugika, anaubomoa na kuanza upya. Kila picha anaiandikia maneno, ili ikikataa kufunguka, msomaji apate maneno. Juzi ukurasa mmoja ulimchukua siku nne.

"Waliobaki nyuma si wanunue mpya?" nikamwambia.

"Na wewe Baba, koti la harusi yako utalivua lini?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha akasema, macho yakiwa kazini, "Aliyebisha hodi ni mgeni wangu, hata akija na mashine gani."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye fomu yako. Nilipokuwa katibu wa chama, ni mimi niliyeleta fomu za Kiingereza. Asiyejaza aliondolewa. Ulikuja na yako, ukaomba nikusomee. Nikasema niachie, nitaijaza. Sikuijaza. Niliona aibu wanunuzi wa kigeni wajue kwamba kaka wa katibu hajui Kiingereza. Ulipofutwa nilikwambia kamati imeamua. Kamati ilikuwa mimi, Kaka. Mikono iliyochonga simba ikabaki kuchonga miiko, nawe ukanitetea mbele za watu.

Nimemweleza Mwende yote. Hakunilaumu. Ameacha nafasi ya jina lako katika orodha ya wachongaji, lakini anasema haliandiki bila ruhusa yako. Ukikataa, ni haki yako. Ukiweza kunisamehe, nijibu upesi, hata kwa neno moja.

Nisalimie shemeji Kalekye, aliyenilisha kama mwanawe, na binamu yetu Musyoka, mwalimu wa kwaya.

Ni mimi mdogo wako, ambaye uliacha shule ili asome,

Nzioka