Ukuta wa Upande wa Vyoo

Jumatatu. Mawingu yametanda juu ya Tandika tangu asubuhi, mvua inatishia tu kama viongozi wa timu yetu. Nimekaa chumbani, mguu wa kulia uko juu ya mito miwili, na kazi ninayoifanya tangu jana ni moja: kuwadharau watu. Naanza na wao, namalizia na mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita niliandika humu kwamba Kocha Stella atakuja kwenye mechi yetu ya Jumamosi. Kwa ambaye hakusoma: ni beki wa zamani, aliichezea timu yetu hii hii kabla yangu, na sasa anafundisha klabu ya nje. Wanatafuta beki wa kati. Alikuwa anakuja kunitazama mimi. Si timu, mimi.

Nina miaka ishirini na tisa. Kwa beki wa kike huku kwetu, huo ni umri wa kuulizwa unaacha lini na unaolewa lini, kwa pumzi moja. Misimu kumi na moja nimecheza nyuma, mahali ambapo hakuna anayekupigia makofi. Mshambuliaji akikosa mabao tisa akafunga moja, anabebwa juujuu. Beki akizuia tisa likampita moja, kauza mechi. Nafasi ya kwenda nje haikuwahi kunijia kabla ya hii, na nilijua hii haitarudi kunibembeleza.

Wiki nzima nililala mapema. Niliacha chipsi. Njumu nilizisugua kwa mswaki.

Jumamosi tulifika uwanjani saa nane na nusu. Uwanja una geti. Naomba nilirudie hilo: uwanja una geti, la chuma, la rangi ya bluu, na lilikuwa wazi kabisa, muuza karanga anaingia na kutoka na beseni lake kichwani. Basi letu likalipita geti, likazunguka, likasimama nyuma ya vyoo.

Nikajua Kamati ya Ufundi imeshaamka.

Asiyejua mpira wetu asidhani hiyo ni kamati ya mbinu za uwanjani. Ni wazee watatu ambao kabla ya mechi huenda kwa mtaalamu, yaani mganga, na kurudi na masharti. Mkubwa wao ni Mzee Mshamu, muuza saruji, mtu ambaye hajawahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya. Msimu wa juzi alitukataza kuoga siku ya mechi. Msimu uliopita alituvalisha soksi nje ndani, tukafungwa matatu, akasema kuna mmoja wetu alizivaa sawasawa. Mtu wa namna hiyo humshindi kwa hoja, kwa sababu kwa hesabu zake hajawahi kukosea.

"Leo hatupiti getini, wanangu," alisema, ameshika chupa ya maji ya mtaalamu. "Wenzetu wameshalifunga. Kwa macho liko wazi, lakini limefungwa hilo. Tunaruka hapa. Kapteni atangulie."

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mie leo nina mgeni. Naomba nipite tu getini, nyie mruke."

"Marahaba. Sasa mwanangu, unataka tufungwe kwa sababu yako?"

Hilo ndilo swali lao, na halina jibu. Wasichana wote wakanigeukia. Mwanaidi, beki mwenzangu, akaning'ata sikio: "Dada, ruka yaishe. Ishu ndogo hiyo."

Nikaruka.

Ukuta wenyewe hauzidi urefu wa mtu, umepakwa chokaa, na kuupanda si tabu. Tabu ilikuwa upande wa pili, ambako mtu aliacha kipande cha tofali kwenye majani. Kifundo cha mguu kikageuka, nikasikia ule mlio ambao kila beki anaujua. Nimekanyagwa, nimepigwa viwiko, pua yangu imevunjwa mara mbili, na sijawahi kukosa mechi. Nimekuja kuumizwa na ukuta wa choo.

Tena tulishinda. Moja bila, kwa penalti. Mimi nilikuwa pembeni ya benchi, mguu kwenye ndoo ya barafu, namtazama Kocha Stella jukwaani na daftari lake limefungwa mapajani. Filimbi ya mwisho ilipolia, Mzee Mshamu akanijia mbio na kuninyunyizia yale maji yake, machozi ya furaha yanamlengalenga.

"Umeona, kapteni? Nuksi ilitutegea sie wote, ikaishia kwenye mguu wako! Umeiokoa timu, mwanangu."

Anaamini kweli. Angekuwa mwongo ningemheshimu kidogo, maana uongo unahitaji akili.

Kisha akaniomba nisubiri. Kumbe aliyeingia kwa ukuta sharti atoke kwa ukuta, na kwa kuwa mimi siwezi kuruka, wametuma mtu akaazime ngazi.

Ngazi!

"Mzee, kwa heshima zote," nikamwambia, "hiyo ngazi mtanizikia nayo."

Nikaelekea getini kwa mguu mmoja, nimemshika Mwanaidi begani. Zilipobaki hatua kama tatu, akasimama. Akautoa mkono wangu taratibu. "Nisamehe, dada," akasema, akarudi kwa wenzake kuruka ukuta. Nikazimaliza hatua zile peke yangu, nachechemea. Radi haikupiga. Muuza karanga alinisogezea kigoda chake nikae, basi.

Hapo ndipo Kocha Stella aliponikuta, na hapa ndipo penye aibu ambayo siwezi kumsukumia mzee yeyote.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Pole. Umeumiaje, mbona sikukuona hata ukipasha misuli?"

"Niliteleza bafuni asubuhi," nikasema.

Bafuni! Nilikaa dakika tisini nawatukana moyoni, halafu alipotokea mtu wa kumweleza, nikawafichia siri yao kama mke mwenye jicho lililovimba anayesema amejigonga mlangoni. Kocha akalirudia neno, "Bafuni," akanitazama magoti. Trakisuti yangu ilikuwa nyeupe kwa chokaa kuanzia magotini mpaka tumboni. Akanitakia kupona haraka, akaingia kwenye gari akaondoka.

Daktari amesema wiki sita. Kocha anasafiri Jumatano.

Tangu jana nimemdharau Mzee Mshamu mpaka nimechoka, na dharau imebaki. Yule ni muuza saruji, haijui kazi yangu. Nahodha ni mimi. Kazi yangu ni kuzuia, na nimewazuia washambuliaji ambao wenzangu walikuwa wanawaota usiku. Nikashindwa kumzuia mzee mmoja mwenye chupa ya maji.

Na si kwamba nilimheshimu tu. Nakiri hapa, kwa kuwa humu sijawahi kudanganya: robo yangu iliogopa. Je, nikipita getini tukafungwa kweli, mbele ya mgeni wangu? Robo hiyo ndiyo iliyoruka, ikanibeba mzima.

Leo mchana nilimwandikia Kocha. Nilifuta mara nne. Mara ya tano nikaandika: "Kocha, sikuteleza bafuni. Niliruka ukuta wa uwanja, na geti lilikuwa wazi." Nikatuma kabla sijajionea huruma.

Chai ilishapoa alipojibu.

"Ule wa upande wa vyoo? Mie ulinivunja mkono, nikawaambia watu nimeanguka jikoni. Bado mnauruka?"

Nimeusoma ujumbe huo mpaka nimeukariri. Hajasema nafasi bado ipo, wala hajasema imekwenda. Ameniachia lile swali lake tu. Nimeisikia dharau iliyomo ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nimekutana na dharau iliyokwenda kwa mwenyewe: kwetu sisi tunaouruka.

Sijamjibu. Ijumaa timu ina mechi uwanja ule ule. Sitacheza, lakini kitambaa cha unahodha bado ni changu, na nahodha hutangulia. Nitakuwa pale saa nane na nusu, na magongo yangu, nimesimama kwenye geti la bluu. Basi likizunguka kwenda vyooni, nitawaita wenzangu mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti ile ninayopangia ukuta wa wachezaji ikipigwa faulo. Nitaanza na Mwanaidi.

Asipokuja hata mmoja, nitaingia peke yangu. Ndipo nitakapomjibu Kocha: wao bado, mimi nimeacha.