Kwa Otia, Ambaye Filamu Yake Hatukuimaliza

Mwaka umetimia, Otia, tangu ututoke, na aibu bado haijatutoka.

Ulikuwa mtu wa polepole. Ulimenya tufaha bila ganda kukatika, ukawapa watoto kwanza. Ulisalimia hata mbwa wa jirani.

Filamu yako ya vita ulihangaika nayo miaka saba. Siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza hapa Zugdidi, sisi jamaa zako tulijaza safu mbili za mbele. Tukaona ukungu, mto, ng'ombe wakivuka daraja lililobomoka. Kaka yako Jano akanong'ona, "Askari wake wako wapi jamani? Wamekwenda kukamua?" Tukacheka. Kisha tukachomoka mmoja mmoja kabla haijaisha, twende tukakuandalie karamu, maana mikate ya jibini ingepoa na mgeni wa heshima ulikuwa wewe.

Ulipofika mezani ukauliza, "Mwisho mmeuonaje?"

"Mzuri mno, mdogo wangu!" Jano akajibu, akikujazia divai. "Kaa ule."

Ulitutazama, ukakaa, ukala.

Mchambuzi wa gazeti la Tbilisi alipoandika kwamba umepiga picha vita huku unasinzia, tulikuficha gazeti. Lakini jikoni tulilisoma kwa sauti na mbavu zikatuuma.

Ulipokwisha kuzikwa, wachambuzi wa nchi za nje wakaiita filamu yako sala. Waandishi wakajaa nyumbani. Jano akawaambia, "Sisi damu yake tulijua tangu siku ile ya kwanza!" Hakuna aliyemkanusha. Pongezi tulizipokea kwa mikono miwili.

Juzi tu ndipo tulipoitazama yote. Mwishoni mkono wako unamega mkate, unaudondoshea divai, kama tuwafanyiavyo marehemu wetu. Sauti yako inawataja vijana wa mtaa wetu wa zamani kule Sokhumi, tulikokimbia vita, ambao vita hiyo haikuwarudisha. Wa kwanza ni Badri, mwana wa Jano.

Jano alifunika uso. "Pale mezani alikuwa ananiuliza mimi," akasema. "Mimi nikamwambia ale."

Utusamehe, Otia. Hatuna la kujitetea.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lamzira, binti zako Khatuna na Eka, dada yako Tsiala, na kaka yako Jano, aliyeomba jina lake liwekwe mwisho.

Jumapili filamu inaonyeshwa tena katika ukumbi uleule. Moyoni mwetu hutoki kamwe. Mikate na ipoe. Safari hii hatuinuki.