Chiriku Hakuchoma Gauni

Chumba cha nyuma, dukani,
Jumatano, baada ya kufunga kazi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nimemkosea mwanao. Nalitanguliza hili hata kabla ya salamu, maana najijua. Nikianza na habari za mvua na afya, nitaimaliza karatasi bila kulisema, kama ninavyofanya kwenye simu. Mara mbili nimekupigia nikiwa nimejiandaa, mara mbili nikaishia kukuuliza kama huko kuna baridi.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Kazi inakwendaje, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Usibebe ndoo mbili kwa mpigo, unajua unavyokuwa. Sisi huku kwa miili ni wazima. Wifi yako mzima, ingawa hasemi na mimi, na sababu utaiona. Chiriku wako anakula, anaoga, anakwenda shule yake ya watoto. Mimi ni mzima, ila nina hasira tangu Jumapili, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe. Ukiona mwandiko umekandamizwa mpaka karatasi inataka kutoboka, ni hiyo.

Unalikumbuka lile gauni. Nilikuambia kwamba nilikuwa napokea simu, mtoto akachezea pasi, pasi ikalala juu ya gauni la mteja. Ukasikitika, ukaniomba radhi kwa niaba yake, ukataka nimpe simu umseme. Nikampa.

Gauni nililichoma mimi.

Pasi yangu unaijua, ile nzito, kitufe chake cha kupunguza moto kilikufa wewe bado uko hapa. Pasi ya namna hiyo hailazwi. Unaisimamisha kwa kisigino hata kama unataka kupiga chafya tu. Nimewafundisha vijana wangapi hilo? Sasa siku ile nimetandika mezani gauni la mama wa nyumba ya wageni, yule ambaye shuka zake ndizo zinazotulisha. Lilikuwa la marehemu mama yake, kitambaa laini ambacho siku hizi hukioni, na alitaka kulivaa apige nalo picha. Fundi simu wa mlango wa pili akaniita. Tulikuwa tumeacha drafti katikati na mimi kete zangu zilikuwa zimekaa vizuri. Nikamwambia nakuja nikumalize. Nikailaza pasi, nikatoka nacheka.

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Gauni kifuani lina alama ya pasi kama ilivyo, na pembeni pameanza kukunjamana. Chiriku yuko sakafuni karibu na mlango, anapanga vibanio vya nguo kwa rangi, na anaongea navyo. Nikiwa bado nimeishika pasi mkononi, mwenye gauni huyo akaingia.

Mdogo wangu, sikufikiri. Ningefikiri, labda ningesema uongo mwingine, wa kusingizia umeme. Lakini mdomo ulikwenda wenyewe. Nikamwambia nilikuwa nje napokea simu, na huyu mtoto kachezea pasi.

Chiriku akanyanyua kichwa. Akauliza, "Mimi?" Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikamwambia, "Ndiyo, wewe. Umesahau?"

Hapo ndipo nataka unielewe vizuri, maana ndipo pananitafuna. Hakulia. Hakukataa. Alinitazama usoni, kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena upande wa pili. Nilimwona anautafutia mkono ule kosa. Na akalipata. Alikuwa ameniuliza, nikamjibu, na kwake mimi nikisema kitu ndivyo kilivyo. Ni mimi niliyemwambia jua likizama halifi, limekwenda kuwamulikia wengine, akaamini. Nikamwambia paka wa jirani hana sumu, akamshika. Asingejua aanzie wapi kufikiri kwamba mjomba wake ni mwongo.

Yule mama akalishika gauni, akalikunja, machozi yanamlengalenga. Akasema mtoto ni mtoto, tushukuru hakuungua. Akampapasa Chiriku kichwani, akaondoka, na shuka hakutuondolea. Mimi nikashusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi, tena nikaona nimepata akili.

Nilijiambia watoto husahau. Nani alituongopea hivyo? Nikimpata mtu aliyeanzisha maneno hayo nitamshika shati. Baada ya siku chache Chiriku anamhadithia wifi yako mwanzo mpaka mwisho: jinsi alivyonyoosha mkono, jinsi mpini ulivyokuwa wa moto, jinsi gauni lilivyosema fsss. Mpini wa moto! Mtoto hajawahi kuugusa. Kila akiulizwa anaongeza kidogo, na kila anachoongeza anakiona kwa macho yake. Wifi yako akaniambia, afadhali amekiri mwenyewe, ana moyo safi. Nikaitikia. Nikala chakula changu.

Na huyu fundi simu! Yeye anajua nilikuwa wapi, maana nilikuwa nimekaa mbele yake nikimla kete. Nilimkonyeza tu siku ile, akaelewa, akanyamaza. Kunyamaza kwenyewe angenyamaza kama watu. Kampa mtoto jina, Zimamoto. Akimwona anapita, "Ficheni nguo, Zimamoto huyo." Watoto wa uani wakalidaka. Sasa wakigawana vya kuchezea, yeye hapewi, ataviunguza. Nilimwendea Jumatatu nikamwambia akome. Akacheka, akasema, "Wewe si ndiye uliyemchoma, mimi nimempuliza tu." Nilitaka kuipindua ile meza yake na simu zote za watu. Sikuipindua, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Na wewe pia, niache niseme, nilikukasirikia. Ulimsema vikali kwenye simu bila kumuuliza hata swali moja. Ukamwambia mkono wake usipotulia atakuja kuiteketeza nyumba ya mjomba. Kisha ukaniambia mimi kwamba ule mpango wa kumchukua shule zikifunga usubiri, kwa vile chumba chako kina jiko la gesi na mwenye nyumba ni mkali, mpaka mtoto atulie. Nikasema sawa. Nilikasirika, halafu nikajiuliza namkasirikia nani hasa. Wewe uliniamini kama yeye alivyoniamini. Wote wawili mliegemea mlango mmoja, na mlango wenyewe mbovu.

Sikujua kama yeye aliyasikia hayo ya kusubiri. Aliyasikia.

Jumapili asubuhi niliwasha pasi nimalizie mashati ya watu. Chiriku akaja na kipande cha upindo wa shuka, vile ninavyovitupa. Akanyoosha mkono wa kulia, akaniambia, "Mjomba, nifunge mkono. Ukizoea kutulia, mama atanichukua."

Nikamuuliza nani kamwambia hivyo. Akasema hakuna, amefikiri mwenyewe. Kumbe wiki zote hizo alikuwa anaukalia mkono huo. Nilikuwa nimemwona shuleni na mezani amekaa upande upande, mkono chini ya paja, nikadhani ni mchezo. Mwalimu wake aliniambia hataki tena kushika kalamu za rangi, nikasema ni uvivu. Ndivyo nilivyosema. Uvivu.

Nilichomoa waya ukutani. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli wote: si wewe, ni mimi, nililaza pasi nikaenda kucheza, nikadanganya, wewe hukugusa kitu. Nilidhani ataruka kwa furaha, au angalau atanuna. Aliniwekea mkono begani, ule wa kushoto.

"Hapana, mjomba. Umesahau. Ulikuwa unaongea na simu."

Nikamwambia hakukuwa na simu yoyote. Akatikisa kichwa taratibu kama anavyofanya wifi yako nikitafuta miwani na iko kichwani. Akaniambia nisilie, yeye hakasiriki.

Unaona nilichofanya? Uongo wangu aliupokea mara moja, bila hata kuuzungusha mdomoni. Ukweli wangu anaurudisha, anadhani namhurumia. Lile la kwanza limeshakaa, limeota, limezaa fsss na mpini wa moto, na mimi ndiye niliyelipanda. Watu wazima tunasema mtoto hadanganyiki, mtoto anajua. Anajua nini? Anajua tulichomwambia. Hana kitu kingine.

Siku hiyo hiyo nilimwambia wifi yako. Alikuwa anamenya viazi. Alimaliza kiazi alichokishika, akaweka kisu. Akasema, "Ungeniambia umechoma gauni ningekucheka mpaka kesho. Hili nalo nilifanyeje?" Tangu hapo Chiriku analala naye, mimi niko na mashati ya wateja huku chumba cha nyuma, na ndipo ninapokuandikia. Silalamikii hilo. Ana haki, tena amenihurumia.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usimwadhibu mtoto tena kwa jambo hili, na mpango wa shule zikifunga urudi ulipokuwa. Mwanao ni mtulivu. Hajawahi kuharibu kitu humu ndani zaidi ya kikombe kimoja, na hicho alikuja kunionyesha mwenyewe. Kama kuna mtu wa kuwekwa mbali na jiko la gesi, ni mimi. La pili, ukitaka kunitukana, nitukane mimi, kwa simu au kwa barua, nitasoma neno kwa neno. Usiniambie yamekwisha. Kwake hayajaisha.

Wifi yako anakusalimu sana, na ameniagiza nisilainishe neno lolote humu. Bibi wa ghorofa ya chini anauliza utakuja lini umsuke. Chiriku anakusalimu. Alitaka kukuchorea nyumba, akaomba nichore mimi, yeye ananiambia tu paa liwe wapi. Mchoro uko ndani ya bahasha. Mistari iliyopinda ni yangu. Mungu akulinde huko, akupe watu wema wa kufanya nao kazi, na akuvumilie ukiwa na ghadhabu nami, kwa sababu ni halali yako.

Barua hii anakuletea binti wa jirani, anaondoka kesho alfajiri, ataifikisha mkononi mwako kabla ya Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi kaa karibu na simu. Ndiyo saa mama wa nyumba ya wageni anapokuja kuchukua shuka zake. Fundi simu nimeshamwambia atakuwepo, na nimemwambia nini cha kusema: aseme mbele ya mtoto mjomba alikuwa amekaa wapi na anafanya nini, na jina lile alifute kwa mdomo wake mwenyewe. Amekubali, na hakucheka. Wifi yako atakuwepo. Pasi itakuwa baridi. Nitaisimamisha mezani pale ilipokuwa, na Chiriku atasimama alipokuwa, anyooshe mkono wake. Meza ile niliinyanyua kwa matofali kwa ajili ya kiuno changu, haifikii hata ajinyanyue kwa vidole vya miguu. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyetazama hilo, mdogo wangu, na sote tulikuwa na macho. Ajionee, maana maneno yangu peke yake hayatoshi tena, wala hayapaswi kutosha. Kisha nitamwambia yule mama, usoni, kwamba gauni la mama yake nililichoma mimi, na akitaka kuchukua shuka zake zote moja kwa moja, nitamsaidia kuzibeba. Simu itakuwa imewashwa kwa sauti, usikie kila neno. Nikimaliza, nitampa Chiriku simu, aishike kwa mkono wa kulia, na wewe ndiye utakayemwambia siku utakayokuja kumchukua.

Kaka yako, anayekupenda na anayekuonea haya,
Dobi