Mama Mkwe Kwenye Keria

Jumamosi, 6 Julai 1985

Leo tena tuta la reli. Nimefunika cherehani mapema. Vitambaa hakuna, na suruali za mitumba nilizoletewa kupunguza zinaweza kungoja. Wenye nazo hawatanenepa kufikia Jumatatu.

Kutoka Muheza nakata mashambani na baiskeli mpaka nalipata lile tuta alilojenga Mjerumani kwenda Sigi. Reli zenyewe ziling'olewa zamani, hata baba hakuzikuta. Limebaki tuta, linapanda taratibu mno, miguu haijui kama inapanda. Michungwa kulia, michungwa kushoto. Hakuna lori, hakuna vumbi, hakuna honi. Kazi yako kukanyaga na kunusa tu.

Kibwana, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alinifuata na baiskeli yake. Kwa kukosa tyubu kazijaza tairi makumbi ya nazi, basi inadunda utadhani punda mwenye kidonda. Kageuzia njiani. Sikumngoja. Nina tairi mpya, nilikuwa na raha isiyo na adabu.

Nimerudi na kikapu cha machungwa. Mke wangu Mwanaidi hakukipokea. Alikuwa kasimama chumbani, anatazama kitanda.

Jumapili, 7 Julai

Tairi nilizipata kwa Hamadi, yule Mpemba wa duka jipya karibu na stendi. Tangu watu waruhusiwe kuingiza bidhaa, duka lake limejaa vitu tulivyokuwa tumeanza kusahau majina yake. Sabuni ya kunukia. Betri. Tairi! Hakutaka shilingi zangu. Alitaka godoro. Nikampa. Niliona ni biashara safi: godoro linalaliwa usiku tu, baiskeli inatumika mchana kutwa.

Nilisahau kwamba lile ni godoro la sufi, na sufi ile mama yake Mwanaidi aliiokota mwenyewe, akaichambua, akaijaza, akalishona, akatuletea siku ya harusi.

Sikusahau. Nilidhani Mwanaidi hatajali.

Kafunga nguo zake kwenye kanga. Kasema nilale na baiskeli. Kaenda kwao Sigi kwa miguu, kwa tuta lile lile. Nimekasirika sana, hasa kwa kuwa nilijitolea kumpeleka kwa baiskeli akakataa.

Jumanne, 9 Julai

Nalala juu ya kamba za kitanda. Mgongo umejaa miraba. Jana nilipika ugali, nusu unga nusu moshi. Nyumba kimya. Nimezungusha gurudumu kwa mkono ili nisikie kitu.

Nimtake radhi, arudi. Sina ninalolitaka jingine. Kazi iko kwa mama yake. Mwanaidi akishaingia kwao, hatoki mpaka mama aseme neno, na mimi kwa mama huyo siwezi kusema neno. Sisi Wabondei mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hamwiti jina. Naye hali kadhalika. Tangu nioe namjua kwa miguu tu. Ni miguu mipana, yenye msimamo.

Nahitaji mtu wa kunisemea. Kibwana kakubali, kwa sharti kwamba wakati wa kurudi apande baiskeli yangu.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika nikiwa ukweni.

Kibwana hakufika. Hatukuwa mbali tairi lake likapasuka, makumbi yakamwagika njiani. Karudi kwa miguu, anaisukuma baiskeli na kuitukana. Ningegeuka naye. Lakini njia ilikuwa imetulia, wanawake wanachuma machungwa na kuniambia pole na safari, nikaendelea. Ndivyo nilivyofika bila msemaji.

Nikampa baba mkwe shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nikakaa natazama uwanja. Mwanaidi kapita na ndoo ya maji. Hakugeuka. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Nyumba nzima ina taharuki. Mama mkwe anaumwa jino, shavu limevimba, kajifunga kanga kichwani mpaka kidevuni. Hayo nimeambiwa. Mimi nimeona miguu, nayo ilionekana kuumwa. Lazima afike hospitali Muheza. Lori la chai halina dizeli. Baiskeli za kijiji kizima zimetundikwa darini kwa kukosa tairi. Basi wote wakaigeukia yangu. Siku nne wamenilaani kwa godoro lile, leo wanazibonyeza tairi zangu kwa vidole na kutikisa vichwa.

Baba mkwe kaamua: mkwe atampakia. Mama kakataa katakata. Jino likampiga, kakubali. Masharti ni haya. Mto ufungwe kwenye keria, kati yangu na yeye. Mimi nitazame mbele tu. Mwenye neno aiambie baiskeli.

Nimefurahi, Mungu anisamehe. Njia nzima pamoja naye, na hakuna wa kunikatiza. Nitasema yangu yote.

Ijumaa, 12 Julai

Sijui hata nianzie wapi.

Tuliondoka asubuhi. Mama kakaa upande, kashika chuma cha keria. Kwenda Muheza tuta linateremka, hata kukanyaga hakuna haja. Alianza yeye: "Baiskeli, mwambie huyo anayekuendesha mimi si gunia la machungwa." Nikaiambia baiskeli imjibu mama kwamba nimesikia. Tukaruka kalavati moja bovu. Baada ya hapo kimya. Jino, nikawaza.

Nikaiona nafasi yangu. Nikakohoa, nikaanza. Nikaiambia baiskeli kwamba nyumba haikaliki. Kwamba nakula nimesimama, kwa sababu kuketi peke yangu mkekani kunanishinda. Kwamba asubuhi naandaa vikombe viwili, narudisha kimoja. Kwamba godoro lile sikuliuza kwa dharau, niliingiwa na tamaa ya kitoto, na tangu binti yake aondoke hata tuta silioni tamu. Nikalia kidogo, huku natazama mbele.

Mama hakunikatiza. Nikachukulia kwamba ameridhika. Tena nikahisi baiskeli imekuwa nyepesi ajabu. Nikajiambia kumbe kusema kweli kunamwondolea mtu mzigo namna hii! Nikaongeza mwendo.

Karibu na mwisho wa tuta nikamkuta Kibwana, kakaa kando anajaza makumbi. Akasimama. Akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu.

"Ndugu yangu, huo mto unaupeleka wapi?"

Nikageuka. Mara ya kwanza tangu nioe nageuka kumtazama mama mkwe wangu, na hayupo.

Kurudi ni kupanda. Jasho linaniingia machoni. Kila kalavati nachungulia chini. Nimemuua mama wa watu, na Mwanaidi ndiyo basi tena. Hayo mawili yalikuwa yanazunguka kichwani pamoja na magurudumu. Napiga kengele njia nzima.

Nimemkuta pale pale kwenye kalavati bovu, karibu kabisa na kwao. Kakaa kwenye majani na wachuma machungwa. Mzima. Alikuwa ameteleza baiskeli iliporuka. Wale wanawake wakamuuliza mbona hakuita. Angeniitaje, na jina langu halitamki? Wakaniuliza mbona sikugeuka. Ningegeukaje, na yeye hatazamwi? Watu wazima wawili, wote tumelelewa vizuri, tumeachana njia nyeupe mchana kweupe. Mchumaji mmoja alicheka mpaka akalala chini. Mimi nilitamani kuingia ndani ya kalavati.

Hivyo hakusikia hata neno moja. Sio vikombe, sio godoro, sio kilio.

Mama hakucheka. Kapanda tena, kaiambia baiskeli: "Mwambie awe anauliza kama nipo." Basi ndiyo ikawa safari. Kila baada ya mwendo kidogo nauliza: "Baiskeli, mama yupo?" Nyuma, kwa sauti ya mtu mwenye shavu bovu: "Yupo." Hivyo hivyo hadi hospitali.

Jino limeng'olewa. Leo hawezi kurudi, atalala kwangu, na mimi kwa heshima nimehamia kwa Kibwana. Nilishavuka barabara ndipo nikakumbuka kitanda. Nikarudi mbio. Miguu ilikuwa imeshaingia chumbani, imesimama mbele ya kamba tupu. Ilisimama muda mrefu.

Jumamosi, 13 Julai

Muheza yote inajua. Nimeenda kununua chumvi, muuzaji kaniuliza: "Mama yupo?" Stendi, hivyo hivyo. Hamadi naye, tena kalikalia godoro langu barazani kwake.

Aliyesambaza ni Kibwana. Kaongeza kwamba nilikuwa nakuja naongea peke yangu na machozi yananitoka. Hiyo nayo inajulikana sasa.

Mama kamtuma mtu amwite Mwanaidi aje kumchukua. Sijalala vizuri. Atakuja, ataona kitanda bado hivyo hivyo, ataondoka na mama yake, na hapo ndipo nitakuwa nimeachwa kikwelikweli. Ningekuwa na akili ningelirudisha godoro. Nimemfuata Hamadi nikamwambia achukue tairi zake. Kacheka. Kasema tairi zilizombeba mama mkwe wa watu hazirudi dukani.

Jumapili, 14 Julai

Mwanaidi kaja. Kanipita barazani, kaingia ndani. Wakazungumza sana. Nimekata suruali ya mtu upande mmoja zaidi ya mwingine.

Halafu nikasikia kicheko. Cha Mwanaidi. Kisha cha pili, cha mtu anayeumia akicheka lakini hawezi kuacha. Sikujua kama nifurahi au nikimbie.

Miguu ikatoka, ikasimama mbele ya baiskeli. Baiskeli ikaelezwa hivi: godoro atalijaza aliyelitoa, kwa mkono wake, msimu wa sufi ukifika. Mpaka hapo mkeka unatosha watu wawili. Na kuna maneno yalisemwa njiani, mama hakuyasikia na hana haja ya kuyasikia. Aliyeyasema amwambie anayehusika.

Kakataa katakata kupanda tena keria. Karudi Sigi kwa miguu pamoja na wachuma machungwa. Mwanaidi kabaki. Hakusema kama ni kwa leo au moja kwa moja, nami nikaogopa kuuliza.

Jumatano, 17 Julai

Manyunyu tangu asubuhi. Hakuna wateja. Sikutoka na baiskeli.

Mwanaidi alikuwa barazani nyuma yangu, anachambua mchele. Akaniuliza, bila haraka, nilikuwa naiambia nini ile baiskeli.

Nilidhani itakuwa rahisi, nilishayasema mara moja. Nikayakazia macho matone yanayodondoka ukingoni mwa paa, nikasema. Nyumba haikaliki bila wewe. Nakula nimesimama. Naandaa vikombe viwili. Nilikosa, usiondoke. Njiani yalikuwa marefu, yakaniliza. Hapa yaliisha upesi.

Nikangoja ajibu, hakujibu.

Nikageuka. Alikuwepo, ungo mapajani, anajifuta macho kwa pindo la kanga. Kisha akaendelea kuchambua mchele.