Safari Hii Si Malaria

Tudor,
Mombasa.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Mwende,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Doha? Kile kifua kimepona, au bado wakohoa? Sisi tu wazima. Shemeji yako Griffins yuko kazini bandarini, na mvua imetuachia matope mpaka mlangoni.

Dada, kaa kitako. Nina mimba ya wiki sita. Najua utashtuka, maana tulifunzwa mimba haitajwi kabla ya mwezi wa nne. Nimetii mara tatu. Mara zote tatu imetoka, na kwa kuwa hakuna aliyejua nilichobeba, hakuna aliyejua nilichopoteza. Tulisema ni malaria. Nasiha, jirani yetu wa chini, akaniletea neti, kazini kwa Griffins wakaleta nyingine, na kanisani nikapewa ya tatu. Hata wewe ulinihimiza nimalize dozi!

Wiki hii nimetolewa damu Jumatatu, na tena Jumatano. Daktari anapima homoni ya mimba, aone imepanda kiasi gani kwa siku hizo mbili, ndipo akisie kama mimba itakaa. Yangu imepanda, ila polepole kuliko alivyotaka. Akichanganya na zile tatu zilizotoka, anasema nafasi ya mtoto huyu ni nusu kwa nusu. Keshokutwa natolewa tena.

Griffins aliikunja ile karatasi ya majibu akaanza kunipa pole. Nilimkasirikia vibaya sana. Nusu si sufuri! Karatasi inasema damu yangu ilikuwaje Jumatano, haina ruhusa ya kunipangia nitaishi vipi leo. Nimechoka kujificha kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Basi jana nikashuka kwa Nasiha, neti yake mkononi, nikamweleza yote. Akashika kinywa.

"Shoga, wasema mapema hivi! Huogopi jicho la watu?"

Nikamjibu kwamba nimejificha mara tatu na bado limenipata. Akalia, mpaka na mimi nikalia. Wale watatu hawakuwahi kuliliwa na mtu ila mimi na baba yao. Nilipopanda kurudi nilikuwa na jozi ya leso aliyonipa begani, na njaa ya kweli.

Keshokutwa naiogopa, nisikudanganye. Lakini akikaa, mama yake mkubwa atakuwa alimjua tangu wiki ya sita. Na akiondoka, ni vivyo hivyo, atakuwa alijulikana.

Nisalimie sana Cynthia, mwenzio wa chumbani. Griffins anakusalimu, na Nasiha pia ingawa hamjaonana. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe kwetu na afya yako.

Nina ombi moja tu. Barua hii ikikufikia, hata kama majibu yameshatoka, nipigie uniambie hongera. Pole ninazo nyingi, dada. Hongera sijapata hata moja.

Mdogo wako akupendaye,
Ndinda