Mlango wa Fundi

Jumamosi, 4 Machi

Mama katoroka tena. Mara ya tatu mwezi huu, na leo ndiyo kwanza tarehe nne! Waya wa uani umelala chini, anauruka tu. Fundi viatu wa njia panda ndiye aliyemrudisha—Mama kavaa gauni la kulalia na mabuti yangu.

Kaka kapiga simu. Ama niweke ua wa maana, ama anampeleka nyumba ya wazee. Hakuuliza hata kama Mama kala. Bingwa wa kazi za mdomo, kaka yangu.

Miche ya bogenvilia ipo, makopo arobaini nyuma ya jiko. Imebaki tangu Mama alipokuwa akipanda nyua za watu. Nitaitumia hiyo. Haendi popote.

Jumanne, 7 Machi

Tumepanda. Yaani mimi nimechimba, yeye kasimamia. Hajui leo ni lini, lakini kazi anaijua! Kaniuliza ua ni wa nani. Nikasema wa mteja. Mteja anazuia nini, mbuzi au wezi? Wezi, Mama. Basi panda mistari miwili, kasema, na ukate mpaka magotini. Mti usiokatwa haushikani na mwenzake.

Kanitania kama alivyokuwa akitania wateja: unataka ua, au unataka ua? Nimecheka naye. Kisha nimeingia bafuni nikalia.

Kwenye kona kaniamuru niache upana wa mabega. Mlango wa fundi huo—kila mpanda ua anauacha, apate kupita kupogoa upande wa nje. Nikaacha. Nitabishanaje na mtu aliyenifundisha kushika jembe? Alipoingia ndani nikaegemeza bati pale.

Jumapili, 18 Juni

Maua yametoka, mekundu. Wapita njia wanasifu.

Leo nimeondoa bati. Nimevuta matawi ya pande mbili, nimeyafunga kwa waya, mlango wa fundi umezibika. Mama alikuwa amelala. Nimejiona mwizi nyumbani kwetu.

Jumatano, 22 Novemba

Siku mbaya. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia mtu anaongea peke yake, taratibu. Mama—ndani ya ua, kwenye kona ile! Kasahau kwamba Baba alikufa. Pengo hakulisahau.

Miiba imemshika nywele, gauni, mikono yote miwili. Alikuwa anajigombeza: fundi gani wewe unasahau kuacha mlango? Nimekata matawi kwa mkasi wake mwenyewe, saa nzima, mpaka akatoka. Hakunilaumu. Heri angenitukana.

Ijumaa, 24 Novemba

Mkono wa kulia wa Mama umevimba mpaka kiwiko. Nesi kachomoa mwiba mrefu kama kijiti cha kiberiti. Anasema kuna mwingine ndani. Uvimbe usiposhuka watampasua. Kaniuliza aliumiaje. Nikasema alikuwa anapogoa. Uongo unanitoka siku hizi bila hata kupepesa macho.

Kaka kasikia. Eti basi ua umefanya kazi. Umefanya kazi! Nikamkatia simu.

Jumatatu, 27 Novemba

Uvimbe haujashuka. Homa juu. Nimeita gari la kumpeleka hospitali, bado halijafika.

Yeye kaamka, kavaa, kachukua mkasi kwa mkono wa kushoto. Kanisalimia kwa heshima zote: habari za asubuhi, mama mwenye nyumba. Kazi nimemaliza, ua umeshikana vizuri, naomba unifungulie geti. Nikamwambia akae kwanza, anywe chai. Hataki. Ana haraka—kamwacha binti yake peke yake nyumbani, bado mdogo, akichelewa analia.

Nikamwambia mtoto hajambo.

Umejuaje, kaniuliza.

Nimekaa hapa kizingitini, ufunguo uko mfukoni mwangu. Kauweka mkasi chini, kashika nondo za geti kwa mkono ule mzima. Anatazama barabarani na ananiita, kwa jina langu, nisilie, anakuja.