Walipouliza Kama Kuna Mwingine

Mdogo wangu Minza,

Sijui barua hii itakufikia kwa njia gani, lakini nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwamba nikiwa na kosa hula harakaharaka. Siku hizi namaliza sahani kabla Mama hajanawa mikono.

Unakumbuka matobolwa uliyokuwa ukificha kwenye mfuko wa sketi ya shule? Mwalimu akiuliza swali, unajibu huku shavu limevimba. Uliniambia, "Kaka, viazi vikavu vinaongeza akili." Nilicheka hadi nikasahau kukugombeza.

Siku yule mwanamke alipofika hapa Ushirombo, Mama alikuwa shambani. Alinipigia magoti, akaniamkia kwa lugha yetu, "mwangaluka", akataja ukoo wa bibi yetu bila kukosea. Basi, moyo wangu ukatulia. Kwetu mtu akishajieleza kwa ukoo, nani atamuuliza kitambulisho? Alisema kuna mgahawa Kampala unatafuta wasichana. Ukanitazama, ukauliza, "Niende, kaka?" Nikasema nenda, huyu ni ndugu. Sikupokea chochote kwake, Mungu ananiona. Nilikutoa bure.

Simu yako ilipozimika jioni ileile nikaona aibu. Watu wangesema nimemuuza mdogo wangu. Nikamwambia Mama umetoroka, na polisi nikaandikisha hivyohivyo, kwamba huenda umekimbilia machimboni. Wakakutafuta Rwamgasa, kwa mama lishe wanaowapikia wachimbaji. Mama naye akashikilia kwamba umeondoka kwa hasira, kwa vile alikugombeza jana yake juu ya ndoo ya maji. Wiki mbili alijilaumu, nami namtazama tu.

Juzi wasichana wanne walirudishwa kupitia mpaka wa Mutukula. Polisi wa kwetu na wa Uganda walikuwa wakipeana taarifa, wakalinasa gari lililowabeba. Mmoja wao, binti kutoka Mhunze, alisema mlikuwa pamoja, ila wewe ulishushwa njiani kabla gari halijakamatwa. Afande wa dawati la jinsia ndiye aliyetuletea habari hiyo nyumbani. Alisema kwa upole, "Wenzetu walituuliza kama kuna mwingine tunayemtafuta upande wao. Tukawajibu hakuna."

Tangu hapo sijalala vizuri. Nimekukosea, Minza, na aliyejua kwamba jina lako lilipaswa kupelekwa Uganda ni mimi peke yangu.

Leo asubuhi nilikwenda na Mama kituoni kubadilisha maelezo yangu. Afande akampigia mwenzake wa Uganda, akaweka simu mezani ili sote tusikie. Yule bwana akauliza jina lako, umri, na alama yoyote mwilini. Mama akamweleza lile kovu la jembe kwenye mguu wa kushoto. Kisha yule bwana akauliza, "Na nani alimruhusu kusafiri?"

"Mimi," nikasema. "Kaka yake."

 Mama aliinuka, akahamia benchi la upande wa pili.

Minza, sasa picha yako iko pande zote mbili za mpaka. Ukimwona askari, awe wa huku au wa kule, mtajie jina lako. Wanalo. Ukirudi, mimi usinisalimu kama moyo unakataa. Ila mwambie Mama kwamba haikuwa ile ndoo, maana nikimwambia mimi haniamini tena.

Ni mimi,
kaka yako niliyekuruhusu.